Chumvi ya Uvinza

Rangi ilikuwa nzuri. Hiyo ndiyo iliyotudanganya.
Buluu ya sare za shule, boneti linang'aa,
na Luhende, fundi bodi wa Isevya,
akaizunguka Pijo ya baba mara mbili bila neno,
akigonga kwa kifundo cha kidole
kama abishaye hodi kwenye nyumba asiyoiamini.
Ngo. Ngo. Ngo. Kisha: pu.
"Hapa," akasema, "hapana bati. Hapa pana maneno."

Bisibisi ikazama chini ya mlango wa dereva
bila kusukumwa, kama kidole kwenye papai lililopitiliza.
Tukabandua. Chini ya rangi, pati.
Chini ya pati, kipande cha debe la mafuta ya kula,
jogoo wake mwekundu bado kasimama mguu mmoja.
Chini ya debe, gazeti. Chini ya gazeti
kutu, kurasa kwa kurasa, kama kitabu kilicholowa,
ikanimwagikia viatuni
na rangi yake ya tumbaku.

Luhende akaokota chembe, akaiweka ulimini,
akatema. "Gari hili limebeba chumvi."

Haiwezekani, nikamwambia.
Kuanzia Sikonge hadi Ipole wanajua
Mihambo alibeba asali, na nta, na mizinga ya magome,
na mara moja bibi harusi.
Chama cha warina asali kilipomkopesha Pijo hii
kilimwapisha jambo moja tu: chumvi, kamwe.
Alilirudia sharti hilo mezani
kama dua ya kabla ya kula.

Luhende hakubishana. Aliwasha grenda.

Cheche zikaruka, na katikati ya cheche nikasikia maji.

Mwaka ule mama alilazwa Kitete wiki saba.
Nilikuwa darasa la tatu, nalala chumba cha uani,
na usiku, kiangazi, kisima kimebaki tope,
nilimsikia baba akimwaga ndoo nyuma ya Pijo,
ndoo, tena ndoo, halafu ufagio wa chelewa.
Asubuhi gari safi kuliko sahani zetu.
Nilidhani anaosha asali, nyuki wasije.

Sasa nahesabu. Uvinza kwenda na kurudi
kwa barabara ya wakati ule, siku tatu ukiwa na bahati,
magunia kumi na mawili, bei ya gizani.
Dawa zikapatikana. Mama akarudi anatembea.
Na maji yale, maskini, maji ya kuficha,
ndiyo yaliyoitoa chumvi mahali pa wazi
yakaipeleka kwenye mikunjo, ndani ya vizingiti,
ambako mkono haufiki,
ikakaa huko inakula polepole
miaka thelathini na minne,
hata baba akafa haijashiba.

Mama ananiuliza kwa simu: gari linaendeleaje?
Namwambia, kutu kidogo.
Kimya. Halafu:
"Upande wa dereva?"

Tumekata mpaka bati likalia ngo tena.
Luhende amechomelea vipande vipya,
kushoto mshono umepinda, umeme ulikatika mara tatu.
Debe la jogoo nimelihifadhi.
Na ndani ya uwazi, kabla ya kufunika,
tumemimina nta iliyoyeyushwa na oili chafu,
ikatiririka gizani ikinuka mzinga,
ikinuka shati la baba.

Nilitaka azibe kabisa, kisipenye kitu.
Alikataa. Akachukua drili,
akatoboa kwa chini matundu matatu madogo,
akapuliza unga wa chuma.
"Maji yataingia tu," akasema. "Yape pa kutokea."

Mvua ya kwanza ya Novemba nililala chini ya gari,
mgongo kwenye gunia, nikangoja.
Tone moja likaja. Nikalipokea ulimini.
Nta. Vumbi.
Na kitu kingine, ambacho siwezi kukiapia.